Mtungi wa gesi upo, mbona kuni bado zinawaka?



Wiki hii tuzungumze habari ya jikoni. Siku hizi ukiingia katika nyumba nyingi za vijijini utakuta mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6. Mwingine ameupata kwa bei ya ruzuku, mwingine ameletewa na kijana wake aliye mjini, mwingine alipewa siku ya harusi. Umewekwa pembeni, umefunikwa kitambaa cha kufuma, unameremeta. Nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha makuti, mafiga matatu yanafuka moshi na mama anapuliza moto huku machozi yanamtoka. Ukimuuliza mbona hapikii gesi, atakujibu, "Ile ni ya chai ya asubuhi, na wageni." Au atakuambia imekwisha tangu mwezi wa Shaaban.

Kwa hiyo tatizo letu si kwamba watu hawajasikia habari za nishati safi. Wamesikia. Redio zinasema na viongozi wanasema. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano mkubwa wa Paris uliozungumzia jambo hilihili kwa Afrika nzima. Kujua kupo. Kutumia ndiko kunakotushinda, na sisi tunaokaa zahanati tunapokea wagonjwa wa kutotumia.

Tuanze na moshi wenyewe. Kuni ikiungua haiishi yote kuwa majivu. Sehemu isiyoungua vizuri hupanda juu ikiwa gesi na chembechembe. Masizi unayoyaona kwenye sufuria na kwenye makuti ni zile chembe kubwa. Zinazodhuru zaidi huzioni kabisa, kwani upana wake ni mdogo kuliko wa unywele wa kichwani kwa mara 30 hivi. Pua imeumbwa na vinyweleo na ute wa kunasa vumbi, lakini chembe hizi hupita hapo, hushuka kooni, huteremka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali ambapo hewa na damu hukutana. Zilizo ndogo kabisa huvuka na kuingia katika damu. Ndiyo maana madhara ya moshi wa jikoni hayaishii kwenye kikohozi. Yanafika kwenye moyo na kwenye mishipa ya ubongo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 peke yake moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hao ni watoto walio chini ya miaka mitano. Wakubwa huondoka kwa maradhi ya moyo, kiharusi, ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa na saratani ya mapafu. Wadogo huondoka kwa nimonia, ile ambayo wazee wetu huiita kichomi.

Hutokea akaja zahanati mama wa miaka 50 na kitu, anahema akipanda ngazi mbili tu, ana kikohozi cha miaka. Makohozi yanapimwa kifua kikuu, hakuna. Ukimsikiliza kifuani unasikia mluzi kama wa mvuta sigara wa siku nyingi. Unamuuliza kama anavuta. Anacheka, "Astaghfirullah, mwanangu, mimi na sigara wapi na wapi!" Lakini amepikia kuni tangu akiwa na miaka minane, mara mbili au tatu kwa siku, katika banda lisilo na dirisha. Mapafu yake hayakuuliza moshi umetoka kwenye sigara au kwenye mkorosho.

Na macho. Moshi huyafanya mekundu, huyatoa machozi, na ukiendelea miaka mingi huongeza hatari ya mtoto wa jicho. Huko Kanda ya Ziwa, wote tunaikumbuka aibu ya vikongwe kuuawa kwa kudhaniwa wachawi eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Bibi aliyewapikia watoto na wajukuu kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, macho yakaungua kwa moshi wa chakula chao, halafu macho hayohayo yakawa ushahidi dhidi yake.

Sasa wapo wanaosema, "Sisi tumeshapata jiko banifu, halitoi moshi mwingi." Jiko banifu ni jambo jema. Linapunguza kuni, linapunguza safari za porini, linapunguza watoto kuungua. Lakini kuna la kujifunza kwa jirani zetu wa Malawi. Huko walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000 wa vijijini. Nusu ya vijiji walipewa majiko ya kisasa ya kuni yenye feni, vijiji vingine wakaendelea na mafiga. Nimonia haikupungua. Kijiji kilibaki na moshi wake mwingine: taka zinazochomwa, sigara, jiko la jirani, na lile jiko jipya likiharibika watu hurudi kwenye mafiga.

Nisiwafiche na upande wa pili, asije mtu akaniambia nilimuahidi muujiza. Utafiti mwingine ulifanyika Guatemala, India, Peru na Rwanda, kwa wajawazito wapatao 3,200. Nusu yao walipewa majiko ya gesi na gesi ya bure. Matokeo yake yalitoka kati ya mwaka 2022 na 2024. Moshi walioupumua akina mama ulipungua kwa takriban theluthi mbili, jambo kubwa. Lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana, na nimonia kali ya watoto wachanga haikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Kwa maoni yangu, fundisho lake ni kwamba gesi si chanjo. Mtoto bado anahitaji ziwa la mama yake na chanjo zake zote, ikiwemo ile ya kukinga nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013. Na mama aliyekwisha vuta moshi miaka 20 hatapona kwa miezi 6 ya gesi. Madhara ya moshi hujilimbikiza kidogo kidogo, kwa hiyo anayeuacha mapema na kuuacha kweli ndiye anayefaidika. Anayepika chai kwa gesi na maharage kwa kuni hajauacha.

Turudi kwenye ule mtungi uliofunikwa kitambaa. Kwa nini haupikiwi?

Sababu ya kwanza ni fedha, na hapo ndipo mazungumzo mengi ya semina huteleza. Mkaa unanunulika kwa kopo. Ukiwa na vijisenti vya leo unanunua wa leo. Kuni hata hazinunuliwi, zinaokotwa, pamoja na makumbi, vifuu na magunzi ya mahindi. Gesi inakutaka utoe fedha ya mwezi mzima kwa siku moja, na pengine duka la kubadilishia mtungi liko kilometa nyingi, ulipe na bodaboda. Kwa mtu wa kipato cha kila siku huo ni mlima, hata kama kwa hesabu ya mwezi gesi ni nafuu.

Basi tufanye hesabu. Kilo 1 ya gesi, kwa joto linalofika kwenye sufuria, hufanya kazi ya kilo 3 hadi 4 za mkaa kwenye jiko la kawaida la bati. Mtungi wa kilo 6 basi ni kama kilo 20 za mkaa, ukikadiria kwa uangalifu. Pima kopo lako la mkaa kwa mizani ya dukani ujue lina uzito gani, uone kilo 20 ni makopo mangapi na yanakugharimu shilingi ngapi. Linganisha na bei ya kujaza mtungi kwenu. Mahali pengi ambapo mkaa unanunuliwa, watu hushangaa. Mahali ambapo kuni zinaokotwa, gesi itaonekana ghali, kwa kuwa muda wa mama anayekwenda porini na kurudi na mzigo kichwani hatuuandiki popote.

Hapa naomba niseme na akina baba. Katika nyumba nyingi fedha anashika mume, na moshi anavuta mke pamoja na mtoto aliye mgongoni. Sisi tuliosoma madrasa tunajua mlango wa nafaka za mke, yaani matumizi ambayo ni wajibu wa mume. Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomwa na wanafunzi wa madhehebu ya Shafii katika pwani yetu yote, hakikuishia kwenye chakula na nguo. Kimetaja pia gharama ya kusaga na kuoka nafaka, na vyombo vya kupikia. Maana yake wanazuoni hawakuona kwamba mume akishabwaga gunia la mahindi mlangoni kazi yake imekwisha. Kujaza mtungi si hisani anayofanyiwa mke akibembeleza. Na yule anayeweka vocha kwenye simu yake kila siku, halafu akasema fedha ya gesi haipo, hebu atazame tena mfuko wake.

Njia iliyo nyepesi ni kibubu. Kila siku ambayo ungenunua kopo la mkaa, fedha hiyo itie kwenye kibubu cha gesi. Akina mama wenye vikoba na michezo ya upatu wanaweza kuweka zamu ya kujaza mitungi, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ruzuku nazo zifuatilieni. Kati ya mwaka 2024 na 2025 Wakala wa Nishati Vijijini, REA, alisambaza mitungi ya kilo 6 katika wilaya mbalimbali kwa punguzo la hadi nusu ya bei. Muulizeni mtendaji wa kijiji kama kuna awamu nyingine, msisubiri atangaze.

Sababu ya pili ni maharage. Mama anaogopa kuyaweka kwenye gesi kwa kuwa yanakaa motoni masaa mawili na zaidi, na ana haki. Lakini sufuria inayokaa motoni muda mrefu ndiyo inayomvutisha moshi mwingi, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Yalowekeni maharage, choroko na mahindi ya makande tangu usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, na sufuria ifunikwe. Muda wa kupika unapungua sana. Mwenye umeme, na vijiji vingi sasa vimefikiwa, akipata jungu la umeme la presha ataivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Wengi wanaogopa umeme kwa sababu ya lile jiko la koili linalokula uniti. Jungu la presha ni kitu kingine kabisa, limefungwa na joto halitoki, na likishapanda presha hujizima na kujiwasha lenyewe. Wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu wa zizini wanaweza pia kujenga mtambo wa bayogesi. Mafuta ya taa siyahesabu katika nishati safi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasitumike majumbani, na sisi tunawapokea watoto walioyanywa wakidhani ni maji. Yakitokea hayo msimtapishe mtoto, mleteni haraka.

Sababu ya tatu ni ladha. Wali wa kuni una ukoko wake, na samaki wa kubanika hana mbadala. Sina ugomvi na ukoko. Pilau ya maulidi au ya harusi ipikwe uwanjani, nje, penye upepo. Mimi nazungumzia moto wa kila siku.

Wengine hushikilia moshi kwa sababu unafukuza mbu na kulinda makuti ya paa. Ni kweli makuti na mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya jiko hayabunguliwi. Basi banda la mahindi liwe na moto wake wakati hakuna mtu ndani. Ama mbu, kinga ni chandarua chenye dawa.

Sababu ya nne ni hofu kwamba gesi italipuka. Hofu hii haidharauliki, maana gesi ikizembewa inaua. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini sakafuni na kujikusanya, kwa hiyo jikoni pawe na mlango au tundu la chini la kutokea. Mtungi usimame wima siku zote, hata kwenye bodaboda. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanakua ujue inavuja. Usipime kwa kiberiti. Jiko lisilojiwasha lenyewe, washa kwanza njiti kisha ndipo ufungue gesi, si kinyume chake. Mpira ukipasuka badilisha, usifunge kwa nailoni. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, toa watoto, na usiguse swichi ya umeme wala kiberiti. Usiku funga gesi kwenye mtungi wenyewe. Mtume (s.a.w.) alikwisha tuagiza kuzima moto tunapolala, na jiko la gesi limo katika agizo hilo.

Akiungua mtu, kwa gesi au kwa kuni, mwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga wa ngano viachwe.

Lakini wanaoogopa mtungi wa gesi wengi hawaogopi jiko la mkaa, nalo ndilo linaloua kimya. Mkaa ukishakolea hauna moshi, watu wakaona ni salama, wakauingiza chumbani kwa ajili ya baridi, kama kule Lushoto na Njombe. Mkaa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Chembe nyekundu za damu huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko zinavyoishika oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anasikia kichefuchefu, usingizi unamlemea, na akilala haamki. Nyumba nzima hukutwa asubuhi.

Na kwetu pwani kuna desturi ya mzazi. Mwanamke akishajifungua huwekwa chumbani siku arobaini, akandwe, na kijiko cha makaa kiwekwe karibu na kitanda apate joto, na chetezo cha ubani juu yake. Madirisha yamefungwa na kanga zimeninginia mlangoni kuzuia upepo. Bibi zetu walifanya hayo kwa mapenzi, na kukanda kwa maji ya moto sina neno nako. Lakini kichanga wa siku tatu katika chumba kile anapumua hewa mbaya kuliko mtu mwingine yeyote kijijini. Joto apewe kwa kulazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na kwa blanketi. Makaa yabaki nje. Na ubani, tuufukize sebuleni mtoto akiwa hayupo.

Ramadhani inahitaji neno lake. Futari ya mihogo, maharage, tambi na uji huchukua alasiri nzima, kisha daku saa nane za usiku milango imefungwa. Masheikh hutueleza kwamba moshi wa jikoni uliomwingia mtu bila kukusudia haubatilishi swaumu. Hiyo ni hukumu ya swaumu, mapafu yana hesabu yake. Mwezi ule ndio wa kuhakikisha mtungi umejaa. Madrasa na shule zetu za bweni nazo zijipange, maana Serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa, na mpishi wa madrasa anavuta moshi wa masufuria makubwa kuliko mama yeyote.

Ambaye leo hana gesi wala umeme asikate tamaa. Apike nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili. Kuni zikaushwe na kupasuliwa ndogo, kwani kuni mbichi ni moshi mtupu. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika, amshike baba au dada yake mbali na jiko.

La mwisho ni la kila mzazi, mwenye gesi na asiye nayo. Mtoto akikohoa, mvue nguo ya juu akiwa ametulia, tazama kifua na hesabu pumzi kwa dakika moja nzima ya saa. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50. Wa mwaka 1 mpaka asiyefika miaka 5, pumzi 40. Ukiona zimefika hapo, au kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta hewa, au anashindwa kunyonya, usingoje asubuhi wala usimpake vumbasa. Mpeleke zahanati usiku huohuo.